Piano ya kurekodi nyumbani: uangalie nini kabla ya kutoa feza

Hapa Kisangani, kundi la muziki halilazimiki tena kungoja zamu kwenye studio kubwa ili lipate wimbo wa kupeleka redioni. Ordinateri moja, mikro moja, piano moja, chumba chenye godoro limeegemezwa ukutani: kazi inaanza. Katika lupango za Mangobo, Kabondo, Tshopo, hata ng'ambo ya mto kule Lubunga, vijana wanarekodi namna hiyo. Na mara nyingi kitu cha kwanza wanachonunua ni piano. Wanamuziki wetu wanasema "piano" kwa kila chombo chenye tushi nyeupe na nyeusi, iwe klavie ndogo ya plastiki ao sinte ya dola elfu mbili. Hapa pia tutasema hivyo.

Lakini piano ndiyo pia inayokula feza ya bure. Watu watano wanachanga kwa likelemba miezi sita. Mmoja anatumwa kununua, anarudi na chombo kinachong'aa. Wanakiwasha: hakina sauti hata moja ndani yake. Ao sauti zipo, lakini hakuna tundu la kukiunganisha na ordinateri. Ao kila kitu kipo, lakini kinataka umeme wa SNEL peke yake, na umeme kwenye kartie yao unakuja saa saba usiku. Jumapili kuna kanisa, Jumamosi kuna ndoa, na chombo cha miezi sita kiko chini ya kitanda.

Tuseme jibu letu mapema, halafu tueleze. Kwa makundi mengi ya hapa, piano inayofaa ni ile ya tushi 61, yenye sauti zake yenyewe, yenye tushi zinazosikia nguvu ya kidole, yenye tundu la USB la kuunganisha na ordinateri, na inayoweza kufanya kazi kwa mawe ao kwa umeme wa volti 12. Haina lazima iwe mpya. Haina lazima iwe kubwa. Lakini likikosekana moja kati ya hayo, ujue mbele ni lipi unaloliacha na kwa nini.

Kwanza, kwa nini piano inabeba mzigo mkubwa namna hii? Zamani haikuwa hivyo. Studio ya Ngoma ilipoanza Léopoldville mwaka 1948, wanamuziki waliingia wote chumba kimoja, wakapiga wote kwa mara moja, na aliyekosea aliwarudisha wote mwanzo. Rumba ile ilisimama juu ya gitaa, sauti za waimbaji, tumba na vyombo vya kupuliza. Klavie ilikuja kushika nafasi polepole, mpaka mtu sawa Ray Lema akaifanya kuwa chombo cha mbele. Leo, nyumbani, mambo yamegeuka kabisa. Hamna batri ya kupiga (si ile ya moto, ile ya mpigaji), hamna tarumbeta, hata mpiga basi pengine amesafiri. Basi piano inapiga ngoma, kisha inapiga basi, kisha inajaza nyuma kwa sauti za nyuzi na tarumbeta, kipande baada ya kipande. Gitaa na mwimbaji wanakuja mwisho. Ukikosea kuchagua piano, umekosea nusu ya okestra.

Sasa, vyombo vyenyewe. Sokoni utaona vinafanana, ila ndani ni familia tofauti.

Familia ya kwanza ni klavie bubu. Akai MPK Mini yenye tushi 25 ni ya jamaa hiyo, na M-Audio Keystation yenye 49 ao 61. Ni nyepesi, ni nzuri kuangalia, na bei yake Ulaya inaanza karibu na dola 100. Lakini ndani hamna sauti yoyote. Hamna bafle. Ukibonyeza tushi, chombo kinatuma tu habari kwa ordinateri: "amebonyeza do, kwa nguvu hii." Sauti inatoka kwenye programu iliyo ndani ya ordinateri. Kama ordinateri yako ni nzee, ao batri yake imekufa, ao hujaweka programu, chombo ni kipande cha plastiki. Kwa kijana anayetengeneza midundo peke yake, na ordinateri nzuri, ni chaguo la akili. Kwa kundi ambalo lazima lipige pia kanisani na kwenye ndoa, ni mtego. Ukisikia muuzaji anasema: "Yaya, hii iko ya studio, haiko ya mchezo," umuombe aiwashe bila ordinateri na upige sauti moja. Kama haisikiki, umejua familia yake.

Familia ya pili ni ile tunayoiona zaidi kwenye makanisa: piano yenye bafle mbili, sauti mamia kadhaa, na midundo tayari ndani yake. Yamaha za aina ya PSR, Casio za aina ya CT. Wajuzi wengine wanaidharau, wanasema ni ya watoto wanaojifunza. Hapo hatukubaliani nao. Ukiichagua vizuri, inafanya kazi zote: unafanya repetisyo bila kitu kingine, unaipeleka kanisani, na usiku unaiunganisha na ordinateri ikawa klavie ya kurekodi. Chombo kimoja, kazi tatu. Kwa feza ya likelemba, hiyo ndiyo hesabu.

Ya tatu ni mashini kubwa za watu wa kazi: Korg Kross, Roland Juno-DS, na juu zaidi Korg Kronos. Sauti ni nzuri, hakuna ubishi. Kronos, iliyotoka mwaka 2011, inaanza sawa ordinateri na inachukua karibu dakika mbili kabla haijakubali kupigwa. Fikiria umeme ukatike mara tatu katikati ya wimbo. Lakini Kross na Juno-DS61 zina kitu ambacho watu hawakijui: zinakubali mawe ya kawaida, yale madogo ya AA. Ukipata moja ya okazyo kwa bei ambayo kundi linaiweza, usiiache. Ila hazina bafle ndani. Utahitaji kaske ao bafle ya pembeni.

Kuna pia piano nzito za tushi 88, zenye uzito sawa piano ya kweli. Kwa anayejifunza piano ya kikanisa ao ya klasiki ni dawa. Kwa kundi letu, hapana. Yamaha P-45 ina urefu wa zaidi ya mita 1.3 na kilo 11 na nusu. Uiweke juu ya toleka uone, ao uivushe na pirogi kwenda Lubunga. PSR ya tushi 61 haifiki mita moja, na kilo zake ni kama nne ao tano: mtu mmoja anaibeba mgongoni.

Hapo tumesema "kuunganisha na ordinateri", na hili linataka maelezo, kwa sababu ndilo linalotofautisha piano ya kucheza na piano ya kurekodi.

Mwaka 1983 makampuni ya vyombo yalikubaliana lugha moja ya kuongea kati ya mashini. Lugha hiyo inaitwa MIDI. Kabla ya hapo, klavie ya kampuni moja haikuelewana na ya kampuni nyingine. Watu wengi wanafikiri MIDI ni sauti. Si sauti. Ni sawa barua: inasema tushi gani imebonyezwa, saa gani, kwa nguvu gani kwa hesabu ya 0 mpaka 127, na imeachwa saa gani. Anayeisoma barua ndiye anayetoa sauti. Barua hizo zinapita kwenye njia 16, na kwa desturi iliyowekwa mwaka 1991 njia ya 10 ni ya ngoma. Kwa hiyo ukiona umerekodi ngoma na zinasikika sawa piano inayogongwa na mtoto, angalia namba ya njia kwanza.

Faida yake ni nini? Tuchukue mpiga piano wenu amerekodi dakika nne za wimbo, na dakika ya tatu kidole kimeteleza. Kama mlirekodi sauti, mnarudia. Kama mlirekodi MIDI, mnafungua barua, mnachukua ile noti moja, mnaisogeza mahali pake. Mwimbaji anasema wimbo uko juu sana kwake? Mnashusha noti zote hatua mbili, na piano inasikika safi sawa ilivyopigwa pale. Mnaona sauti ya tarumbeta si nzuri? Mnaibadilisha kuwa nyuzi bila mtu kupiga tena. Na kwa sababu barua ni ndogo sana, wimbo mzima wa MIDI unapita kwa WhatsApp bila kula mega zenu: mpiga basi aliyeko Bunia anaupokea, anasahihisha, anaurudisha.

Basi angalia mgongo wa piano. Unatafuta tundu la USB la umbo karibu la mraba, sawa lile la printa, ambalo mara nyingi limeandikwa "USB TO HOST". Usilichanganye na tundu la bapa la kuweka fleshi, ambalo ni kazi nyingine. Piano za zamani hazina USB, zina matundu mawili ya duara yenye vijitundu vitano, "MIDI IN" na "MIDI OUT". Hizo pia ni nzuri, usizikimbie: kuna kable ya kugeuza kwenda USB. Ila uijaribu kable hiyo kabla ya kulipa, kwa sababu zile za bei ya chini zinapoteza noti. Piano isiyo na tundu la aina yoyote kati ya hizo mbili, mara nyingi haitaandika MIDI kwenye ordinateri.

Na kama hamna ordinateri? Simu ya Android tangu namba 6, iliyotoka mwaka 2015, inaelewa MIDI kupitia kable ndogo ya OTG, mradi simu yenyewe inakubali OTG. FL Studio Mobile inafanya kazi hiyo. Si simu zote zinazofuata kidole vizuri; nyingine sauti inachelewa. Jaribu na simu ile ile mtakayotumia, si na ya muuzaji.

Kuchelewa huku ni adui hata kwenye ordinateri. Sauti ikichelewa milisekunde 10, ni sawa kusimama mita tatu na nusu kutoka kwa bafle, mpigaji hasikii shida. Ikifika 40 ao 50, mkono unaanza kuvutwa nyuma na seben inaanguka. Hapo piano yenye sauti zake inakuokoa tena: unasikiliza sauti ya piano yenyewe, ambayo haichelewi, huku ordinateri inaandika barua tu. Mwenye klavie bubu hana njia hiyo.

Jambo la pili la kutazama ni tushi kusikia nguvu ya kidole. Piga tushi moja polepole kabisa, kisha kwa nguvu. Kama sauti ni ile ile, achana nayo kwa kazi ya kurekodi. Utafanyaje wimbo wa kuabudu unaoanza chini na kupanda, kama kila noti ina nguvu moja? Hata ngoma: ile kelele ndogo ya sharleston katikati ya mapigo ndiyo inayofanya watu wasogeze kiuno. Na hapa majina yanadanganya. Yamaha PSR-E273 na PSR-E373 ukiziweka pamoja utasema ni ndugu wa tumbo moja. E273 haisikii kidole na haina USB ya ordinateri. E373 ina vyote viwili. Tofauti ya namba moja kwenye karatasi, na kazi yote imebadilika. PSR-F50 na F52 nazo hazisikii kidole. Soma namba yenyewe kwenye chombo, usiridhike na "ni Yamaha."

Tuje kwenye umeme, ambapo vitabu vya Ulaya havina la kutusaidia. Kisangani inategemea mtambo wa mto Tshopo, wa miaka ya 1950, wenye mashini tatu ambazo mara nyingi hazitembei zote. Kila mkaaji anajua ratiba ya kartie yake, na anajua pia kwamba ratiba haiheshimiwi. Piano haiogopi kukatika kwa umeme kama inavyoogopa kurudi kwake: volti inapanda ghafula na sharjeri inaungua. Umeme ukienda, chomoa. Ukirudi, ngoja dakika chache, taa itulie, ndipo uchomeke.

Ila bora kabisa ni kutotegemea prizi. Geuza piano uone tumbo lake: kuna mahali pa mawe? Nyingi za familia ya pili zinatumia mawe sita. Mawe ya kutupa yanakula feza. Mawe ya kuchaji ya AA yanalipa bei yake kwa muda mfupi, na pano ndogo ya jua inayachaji. Halafu soma karibu na tundu la sharjeri: imeandikwa volti ngapi? Yamaha nyingi ndogo zinataka volti 12. Casio nyingi zinataka 9.5 ao 12. Zile Yamaha za juu zaidi, PSR-S na PSR-SX, zinatumia sharjeri ya volti 16, na hazina mahali pa mawe. Mtu akikuuzia PSR-S ya okazyo kwa bei nzuri, weka kwenye hesabu grupu ao konvertiseri ya kugeuza umeme wa batri kuwa 220.

Volti 12 inavutia kwa sababu batri ya gari ao ya pano ni volti 12. Lakini tahadhari, hapa watu wameunguza vyombo. Batri inayochajiwa na jua haiko kwenye 12. Inapanda mpaka karibu 14 na nusu. Usiunganishe piano moja kwa moja. Weka katikati kifaa kidogo cha kuishusha na kuishika kwenye 12; mafundi wa redio na simu wanacho. Na angalia ule mchoro mdogo wa duara karibu na tundu: unaonyesha kama katikati ni chanya ao hasi. Nyingi za leo ni chanya katikati, Casio kadhaa za zamani ni hasi. Ukigeuza, hakuna wa kumlaumu.

Sehemu ya kuingiza sauti yenyewe kwenye ordinateri inasahaulika mpaka siku ya kazi. MIDI imeandikwa, imesahihishwa, sasa mnataka sauti ya piano iingie. Piano kubwa zina matundu mawili nyuma, kushoto na kulia. Ndogo zina moja tu, la kaske. Hapo kuna kosa linalorudia kila mahali: watu wanachukua kable ya jeki yenye mistari miwili, wanaichomeka kwenye kaske na upande wa pili kwenye tundu la karti ya sauti. Inaingia vizuri, taa inawaka, lakini basi imepotea na piano inasikika sawa iko ndani ya ndoo. Sababu ni kwamba tundu lile la karti ya sauti halisikii kushoto na kulia. Linachukua tofauti kati yao. Kila kilicho katikati, yaani basi na ngoma kubwa, kinafutwa. Dawa ni kable inayotoka na jeki moja ya stereo na kugawanyika jeki mbili za mono, moja kwenye tundu la kwanza, nyingine kwenye la pili. Fundi anaweza kuiunga kwa dakika kumi. Kama karti yenu ina tundu moja tu la piano, chukueni upande wa kushoto peke yake. Ni bora mono nzima kuliko stereo iliyokatwa.

Usichomeke piano kwenye tundu la mikro la ordinateri yenyewe, lile la kando. Litakubali, kisha litakupa upepo na mlio wa nyuki kwenye wimbo wote. Karti ndogo ya Behringer ao Focusrite inatosha, na itatumika kwa gitaa na kwa mikro. Piano nyingine, sawa PSR-E473, zinapitisha hata sauti kwenye USB ile ile, na zinaweza kurekodi moja kwa moja kwenye fleshi bila ordinateri. Kwa kundi lisilo na karti ya sauti, hilo ni la kufikiria.

Kuhusu programu tutapita haraka, maana siyo mada ya leo. Audacity ni ya bure na inarekodi sauti vizuri, lakini haiandiki MIDI kutoka piano. Reaper ni ndogo kupakua, unaijaribu siku 60, na leseni ya watu wa kawaida ni dola 60. LMMS ni ya bure kwa midundo. FL Studio ndiyo wote wanayoitaja. Mjue kwamba ile ya bei ya chini kabisa, Fruity, hairekodi sauti ya mwimbaji.

Sasa kununua. Vyombo vinafika Kisangani kwa barabara ya namba 4, kutoka Butembo na Beni kupitia Komanda, Mambasa, Nia-Nia na Bafwasende, ao kwa mto kutoka Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,700 za boti, ao kwa ndege mpaka Bangoka. Njia mbili za kwanza zina vumbi, maji, na mizigo mingine juu. Kwa hiyo hata "mpya kwenye kartoni" inajaribiwa. Piga kila tushi, moja moja, zote 61, polepole na kwa nguvu. Tushi moja inayopiga kwa kelele hata ukiigusa kidogo, ao isiyolia kabisa, mara nyingi ni uchafu ao unyevu kwenye raba iliyo chini yake. Fundi anafungua, anasafisha kwa alkoholi, inarudi. Si sababu ya kukataa, ni sababu ya kupunguza bei. Tushi tatu zinazofuatana zimekufa ni jambo lingine, pengine karata ya ndani imekatika. Washa, acha dakika ishirini, tikisa sharjeri kwenye tundu lake: ikizima, tundu limelegea. Chomeka kaske, sikiliza kama pande zote mbili zinasema. Kisha uunganishe na ordinateri uliyokuja nayo. Ndiyo, uende nayo. Muuzaji akikataa hilo, ondoka.

Mkifika nyumbani, kuna hatari moja isiyo ya umeme wala ya feza. Piano hizi zina midundo tayari. Bonyeza namba, okestra nzima inapiga. Ndiyo maana nyimbo nyingi za kikanisa na za ndoa zinazofika kwenye meza yetu redioni zina ngoma zile zile, mpaka tunaweza kutambua piano kabla ya mwimbaji. Mji huu umezaa Abeti Masikini na Koffi Olomide. Hatutaki kuuwakilisha kwa mdundo wa namba 87 wa kiwanda. Tumieni mdundo wa tayari kwa repetisyo. Kwa kurekodi, pigeni ngoma wenyewe kwenye tushi: kwanza ngoma kubwa na kaisi, kisha rudini mpige sharleston, kisha maracas. Programu ina kitufe cha kunyoosha noti zote ziangukie kwenye mstari. Kitumieni kidogo, nusu tu. Rumba iliyonyooshwa yote inakufa. Ule uvivu mdogo wa mkono ndio rumba. Na kama kuna mpiga gitaa kwenye kundi, gitaa ipigwe na gitaa. Sauti ya gitaa ya piano za bei hii haijawahi kumdanganya mtu wa Congo.

Kuhusu feza, msimalize yote kwenye piano. Kwa kila dola 100 mlizo nazo, wekeni pembeni kama 30: kable ya USB, ile kable ya kugawanya, mawe ya kuchaji, mfuko wa kubebea. PSR-E373 mpya iliuzwa Ulaya dola 200 na kitu. Ikifika hapa imebeba bei ya barabara, na ya okazyo inaweza kuwa bei ile ile ya Ulaya. Kama hamfiki, tafuteni PSR ya zamani yenye matundu ya duara na tushi zinazosikia kidole. Itawafaa kuliko ndogo mpya isiyo na lolote. Kama mna ordinateri nzuri, mna pano, na hampigi nje ya nyumba, basi ndiyo, klavie bubu ya tushi 49.

Kitu cha mwisho ni karatasi. Piano ya likelemba haina jina. Mmoja akipata safari ya Kinshasa, ao akioa, ao akigombana na mwimbaji, anasema "na sehemu yangu?" na chombo kinauzwa kwa bei ya hasira. Andikeni siku ya kununua: nani ametoa kiasi gani, piano inalala kwa nani, anayeikodisha kwa ndoa analeta ngapi kwenye kundi, na anayeondoka analipwa vipi na kwa muda gani. Namba ya chombo, ile iliyobandikwa tumboni karibu na mahali pa mawe, iandikwe kwenye karatasi hiyo hiyo. Ikiibwa, ndiyo polisi wataiomba kwanza.